Nimedanganya kwenye maombi ya kazi, nifanyeje?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanazunguka jambo moja: kilichoandikwa kwenye wasifu au fomu ya maombi si kweli, au si kweli yote. Tumechagua manane na tumeacha majina ya waulizaji. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo tukitaja sheria tunataja na nchi yake. Namna waajiri wanavyohakiki haitofautiani sana.

Nilisoma chuo kikuu miaka mitatu kati ya minne, ada ikanishinda, nikaacha. Kwenye wasifu nimeandika "Shahada ya Biashara" na miaka niliyosoma. Sikusema nilihitimu, wala sikusema sikuhitimu. Wiki ijayo nina usaili. Je, huo ni uongo?

Ni uongo. Anayesoma "Shahada ya Biashara, 2016–2019" anaelewa kwamba shahada unayo, na ulipoandika hivyo ulijua ataelewa hivyo. Sheria ya Udanganyifu ya Uingereza ya mwaka 2006 haiachi mwanya hapo: kauli huhesabiwa ya uongo ikiwa si kweli au inapotosha, na aliyeitoa anajua kwamba ndivyo ilivyo au huenda ndivyo. Adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo ni kifungo cha miaka 10.

Halafu umechagua kudanganya mahali ambapo ni rahisi kuliko kwingine kote kuhakikiwa. Mwajiri hahitaji kumjua mtu yeyote chuoni. Anachukua jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, kozi na mwaka wa kuhitimu, anavipeleka kwa msajili wa chuo au kwenye mfumo wa pamoja wa uhakiki, kama National Student Clearinghouse kwa vyuo vya Marekani au Hedd kwa vyuo vya Uingereza. Swali lake ni moja: shahada hii ilitolewa au haikutolewa?

Rekebisha leo, kabla ya usaili. Mstari wako usomeke hivi: "Masomo ya Shahada ya Biashara, mwaka wa kwanza hadi wa tatu (sikuhitimu). Nilifaulu: uhasibu wa gharama, takwimu, sheria ya biashara." Taja masomo matatu au manne yanayogusa kazi unayoomba, si orodha nzima. Omba chuoni taarifa ya matokeo ya miaka uliyosoma, maana masomo uliyofaulu ni yako hata kama hukumaliza. Kisha mtumie aliyekuita ujumbe mfupi: "Naambatanisha wasifu uliorekebishwa. Sehemu ya elimu kwenye nakala ya awali haikuonyesha kwamba sikumaliza shahada. Naomba mtumie nakala hii." Basi. Habari za ada zisubiri uulizwe.

Unaweza kuondolewa kwenye orodha. Rudi kwenye tangazo ulisome tena: likisema shahada ni lazima, nafasi yako ni ndogo, likisema "au uzoefu unaolingana", bado umo. Scott Thompson aliteuliwa kuiongoza Yahoo Januari 2012 na kufikia Mei alikuwa ameondoka, baada ya mwanahisa mmoja kuonyesha kwamba hakuwa na shahada ya kompyuta iliyotajwa kwenye wasifu wake. Shahada ya uhasibu alikuwa nayo, halali kabisa, na uzoefu wa miaka mingi juu yake. Kilichomponza ni nyongeza ambayo hakuihitaji.

Neno la pembeni kwa mwenye cheti halali: ukibadilisha jina baada ya kuhitimu, kwa ndoa au kwa hati ya kiapo, andika jina lililo kwenye cheti na uambatanishe uthibitisho wa mabadiliko. Wapo wanaoonekana wameghushi kwa sababu tu chuo kilitafuta jina jipya na hakikuliona.

Nilikaa bila kazi miezi kumi na moja. Nimesogeza tarehe ya kumaliza kazi ya zamani mbele, na ya kuanza nyingine nyuma, pengo likaziba. Nani atajua?

Atajua afisa rasilimali watu wa kwanza atakayempigia mwajiri wako wa zamani. Waajiri wengi, kwa kuogopa kushitakiwa, hawasemi lolote kuhusu tabia wala utendaji wa mtu aliyeondoka. Wanathibitisha vitu vitatu tu: cheo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Kwa hiyo umedanganya palepale ambapo hata mwajiri mkimya kuliko wote atajibu.

Tarehe zenyewe zimeandikwa mahali pengi usipopafikiria. Zipo kwenye michango ya hifadhi ya jamii, kwenye kumbukumbu za kodi, kwenye barua ya kuacha kazi, kwenye ukurasa wako wa LinkedIn, na kwenye wasifu uliowahi kuutuma kwa kampuni hiyohiyo miaka minne iliyopita. Huo wa mwisho wengi huusahau. Mifumo ya kupokea maombi hutunza nakala za zamani, na mpya inapoingia kwa barua pepe ileile, zote mbili hukaa pamoja.

Kukosea mwezi mmoja kwa kusahau hakumfukuzishi mtu. Kuandika miaka bila miezi kunakubalika kwenye wasifu, mradi fomu ya mwajiri haikuomba miezi. Ikiomba, ijaze. Ila "2021–2022" kwa kazi iliyoanza Desemba na kwisha Januari ni ujanja, na msaili mzoefu ataomba miezi kabla hujakaa sawasawa.

Pengo lipe mstari wake: "Machi 2022 – Januari 2023: kumuuguza mzazi", au "kutafuta kazi, kozi ya jioni ya uhasibu wa kompyuta", ikiwa kweli uliisoma. Kwenye usaili utaulizwa, utajibu kwa sentensi mbili, mtaendelea. Kuna kazi ambazo hata mstari huo utatakiwa uwe na ushahidi. Katika Umoja wa Ulaya, uhakiki wa wafanyakazi wa maeneo ya ulinzi ya viwanja vya ndege hugusa ajira, elimu na kila pengo kwa angalau miaka 5 iliyopita. Huko pengo lililofichwa ni tatizo kubwa kuliko pengo lenyewe.

Nilifukuzwa kazi ya mwisho. Fomu ina kisanduku cha "sababu ya kuacha kazi". Naweza kuandika "mkataba uliisha"?

Kama mkataba ulikatishwa kabla ya muda wake, huwezi. Kwenye wasifu hudaiwi sababu ya kuondoka popote, usiiweke. Fomu ikiuliza, andika "Mwajiri alisitisha mkataba, nitaeleza kwenye usaili." Ni kweli, na inakupa nafasi ya kusema mwenyewe.

Maelezo yawe sentensi tatu: kilichotokea, sehemu yako ndani yake, ulichobadilisha tangu hapo. Yapime kwa kuyasema kwa sauti. Yakizidi dakika moja, yapunguze. Usimseme vibaya bosi wa zamani hata kama anastahili. Kumbuka pia kwamba anayepiga simu kuuliza habari zako mara nyingi huwa na swali moja la mwisho: "Ungemwajiri tena?" Jibu likiwa "hapana" huku fomu yako inasema mkataba uliisha, kufukuzwa kwako kutakuwa jambo la pili.

Nilitaja mshahara mkubwa kuliko ninaopata ili wanipandishie dau. Sasa wanataka slipu tatu za mwisho.

Usiiguse hiyo slipu kwa programu yoyote ya kuhariri. Hadi sasa umetaja tarakimu ya uongo. Ukiihariri utakuwa umeghushi hati, na hilo ni kosa zito zaidi karibu kila mahali.

Anayebadilisha slipu huona tarakimu moja, mshahara wa mkononi, akaibadilisha hiyo. Afisa mishahara anaona mambo mengine. Mshahara ghafi ukitoa makato lazima ulingane na wa mkononi. Kodi lazima iendane na daraja la mshahara huo, na mchango wa pensheni uwe asilimia ileile mwezi hadi mwezi. Slipu nyingi zina safu ya pili ya jumla tangu mwaka wa kodi uanze, kwa hiyo jumla ya Mei ikiondolewa kwenye ya Juni ibaki malipo ya Juni bila kupungua hata senti. Slipu tatu zina tarakimu kadhaa zilizofungamana hivyo. Na Uingereza mfanyakazi anayehama kazi katikati ya mwaka wa kodi humpa mwajiri mpya fomu P45, yenye jumla ya malipo na kodi yake tangu mwaka huo uanze.

Tuma slipu halisi pamoja na maelezo: "Kiasi nilichotaja hakikuwa mshahara wangu wa sasa. Mshahara wangu ni huu unaoonekana. Kile ndicho ninachotarajia." Kama ulijumlisha posho na bonasi, na kweli unazipata, zichanganue kipengele kwa kipengele. Wengine watakuacha, wengine watapunguza dau.

Kwa wanaoomba kazi baadaye: kataa mapema kulijibu swali hilo. Taja unachotarajia, "kati ya kiasi hiki na hiki kwa majukumu haya", na uishie hapo. California iliwakataza waajiri kuuliza historia ya mshahara tangu 2018, na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2023/970 yanakataza vivyo hivyo.

Bosi wangu wa zamani hapatikani. Rafiki yangu yuko tayari kujibu simu kama yeye. Kuna ubaya?

Upo, na unamwingiza rafiki yako kwenye kosa lako. Mhakiki makini hapigi namba uliyompa. Anatafuta namba ya mapokezi ya kampuni, anaomba kuunganishwa. Barua pepe ya bure isiyo na jina la kampuni humtia shaka. Akimpata rafiki yako, anauliza vitu ambavyo hamkuvipanga: aliripoti kwa nani, timu ilikuwa na watu wangapi, likizo yake nani alimshikia nafasi.

Mwaka 2019 mahakama ya Australia Kusini ilimhukumu mwombaji mmoja kifungo cha miezi 25, angalau 12 kati yake awe ndani. Alikuwa amepata kazi ya serikali yenye mshahara wa dola 270,000 za Australia kwa wasifu wa uongo, na mdhamini aliyemsifu kwenye simu alikuwa yeye mwenyewe.

Mdhamini si lazima awe bosi wa mwisho. Weka msimamizi aliyehamia kampuni nyingine, mwenzako wa ngazi ya juu, mteja mkubwa, mkufunzi. Andika uhusiano kama ulivyo: "mfanyakazi mwenzangu, 2019–2022". Ongeza: "Msimamizi wangu wa wakati huo hapatikani, idara ya rasilimali watu inaweza kuthibitisha tarehe."

Nilihukumiwa kwa kosa dogo zamani sana. Fomu inauliza kama nimewahi kutiwa hatiani. Nikisema ndiyo, sipati kazi. Nikisema hapana?

Lisome swali neno kwa neno, kwa sababu jibu liko ndani yake. "Umewahi kutiwa hatiani" si "umewahi kukamatwa", wala si "una kesi inayoendelea". Wapo wanaojieleza zaidi ya walivyoulizwa, na hilo nalo huwagharimu.

Kisha tafuta kama sheria ya mahali unapoomba inakuruhusu kunyamaza. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 kuhusu waliotumikia adhabu na kujirekebisha: hukumu ikipitisha muda uliowekwa, mwombaji anaweza kujibu kama vile haipo. Lakini kazi za watoto, afya na sheria zina taratibu zake. Marekani, sheria iliyoanza kutumika Desemba 2021 inazuia taasisi za serikali kuu na makandarasi wake kuuliza habari hizo kabla ya kutoa ahadi ya kazi. Swali lisiloruhusiwa, au hukumu usiyotakiwa kuitaja, havikufanyi mwongo ukikaa kimya. Nje ya hapo, "hapana" ya uongo inaweza kukufukuzisha hata pale ambapo kosa lenyewe lisingekuzuia kuajiriwa.

Ukilazimika kusema ndiyo, andika mwaka, kosa, adhabu iliyotolewa na kwamba imekamilika. Mistari miwili inatosha. Na taarifa za uhakiki nazo hukosea, hasa kwa wenye majina ya kufanana. Marekani, mwajiri aliyetumia kampuni ya uhakiki lazima akupe nakala ya ripoti kabla ya kukukataa kwa sababu yake. Isome jina kwa jina, tarehe kwa tarehe.

Nimefanya kazi miaka sita na tathmini zangu ni nzuri. Kwenye fomu ya mwanzo nilidai sifa ambayo sina. Muda huo si umeshafuta jambo lenyewe?

Haujafuta. Itafute nakala ya fomu uliyojaza. Karibu na sahihi yako huenda pana maneno ya namna hii: "Natamka kwamba maelezo haya ni ya kweli. Ikibainika vinginevyo wakati wowote, naweza kuachishwa kazi." Hayo "wakati wowote" ndiyo yaliyokufunga. Mkuu wa udahili wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Marilee Jones, alijiuzulu Aprili 2007 baada ya miaka 28 chuoni hapo, akiwa mtu mwenye sifa kubwa kazini, kwa sababu shahada alizodai hakuwa nazo. Tanzania, mwaka 2017, baada ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932, wengine wakiwa na miaka mingi kazini.

Hata ukiifanya kazi vizuri, fedha zinaweza kudaiwa. Jon Andrewes aliongoza kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona nchini Uingereza tangu 2004 hadi 2015 kwa shahada na uzoefu wa kubuni. Alifungwa miaka miwili mwaka 2017. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilikubali anyang'anywe pauni 96,737. Haikumdai mshahara wote, kwa kuwa kazi aliifanya. Ilitazama tofauti kati ya alichopata na ambacho angepata bila uongo, na kiasi alichokuwa nacho cha kulipa.

Jambo la zamani huibuka lini? Mara nyingi wakati wa kupandishwa cheo, kampuni inaponunuliwa, au unapoomba kibali cha kufanya kazi nchi nyingine. Lipo na moja ambalo watu hawalioni linakuja: zabuni. Kampuni za ushauri na ujenzi huambatanisha wasifu wa wataalamu wao kwenye zabuni. Siku wa kwako utakapoingia humo, mwajiri atakuwa amemdanganya mteja bila kujua, na hasira atakayokuwa nayo haitapozwa na tathmini zako nzuri.

Cha kufanya kinategemea ulidai nini. Kama ni leseni ambayo sheria inaitaka kwa kazi unayoifanya, mfano ya umeme, dawa au udereva wa magari makubwa, acha kuifanya kazi hiyo leo, kabla ya jambo jingine lolote. Mtu anaweza kuumia, na bima inaweza kukataa kulipa. Kama uliwasilisha hati ya kughushi, mwone wakili kabla hujamwandikia mwajiri neno lolote, maana barua ya kuungama ni ushahidi, na wakili atapanga lini na kwa namna gani iandikwe.

Kama ni kukuza mambo, kwa mfano cheo kilichopandishwa ngazi moja au kozi ya wiki mbili iliyogeuka stashahada, una njia nyepesi zaidi. Omba kurekebisha taarifa zako kwa maandishi, ukitaja kilichoandikwa na kilicho kweli, kabla mtu hajakuuliza. Unaweza kupoteza kazi hata hivyo. Ila mwajiri aliyeambiwa na mwajiri aliyegundua hawatoi uamuzi kwa hasira sawa.

Usirudie uongo huo kwenye fomu mpya ya ndani, kwa sababu sahihi mpya ni kosa jipya. Usijaribu kuchomoa karatasi kwenye faili lako. Na ukiamua kusoma ili uipate sifa hiyo kweli, soma, lakini cheti cha mwaka huu hakiwezi kurekebisha fomu ya miaka sita iliyopita.

Wakala wa ajira alibadilisha wasifu wangu bila kuniambia. Ameongeza programu mbili za kompyuta nisizozijua. Nimegundua baada ya kuitwa kwenye usaili.

Mwandikie wakala leo umtake akutumie nakala ileile aliyoipeleka, na umweleze kwamba sehemu hizo hukuziandika na hukubaliani nazo. Ujumbe huo utunze. Tarehe yake ndiyo itakayokutetea. Siku zijazo mpe wakala faili la PDF, lenye jina lako na tarehe chini ya kila ukurasa, na umwambie kwa maandishi kwamba hakuna mabadiliko bila idhini yako.

Kwenye usaili nenda na nakala zako zilizochapishwa, moja kwa kila msaili. Usisubiri wafike kwenye programu hizo. Mwanzoni kabisa, mara baada ya salamu, sema: "Nimebaini kwamba wasifu uliowafikia una mistari miwili ambayo si yangu. Nakala yangu ni hii." Onyesha mistari kwa kidole, kisha omba nakala yako ndiyo ikae kwenye faili badala ya ile ya wakala.